Mlango wa Omari

Leo mjane kaninyamazisha mbele ya watu, mie ambaye Chamazi nzima inajua sinyamazi.

Omari, mpasuaji wangu wa magogo, kafariki alfajiri. Miaka ishirini tumepasua wote, kwa msumeno wa marehemu baba wa enzi za Ujamaa, unaokata hata reli.

Nikasema viunza vya kumfunikia kaburini natoa mie. Nikashusha mbao za mninga nilizomwekea tajiri wa Mikocheni, nikazibeba begani peke yangu hadi msibani. Watu wanne wangeshindwa.

Mama Zuhura, mjane wake, akazipapasa.

"Shemeji, hizi zimekauka lini?"

Nikajisifu. "Tangu mwaka jana. Mie nagonga kwa kidole tu, najua."

Akaniangalia.

"Omari alikuomba mbao za mlango tangu masika. Ukamwambia bado mbichi."

Watu wote wakanigeukia.

"Kaburini mabanzi, yale maganda ya magogo, yanatosha," akasema. "Hizi ziache hapa."

Tumemzika kwa mabanzi.

Wakati natoka nyumbani kwake nimeinua gunia wanalotumia kama mlango. Mbao zilikuwa kavu, jamani, na nilijua.

Nyie mngemjibu nini?