Mbuzi Aliyepewa Sifa za Vidonge

Nilipokuwa mtoto wa darasa la nne, niliamini kabisa kwamba jina linaweza kumwua mtu. Baba alikuwa mchomaji nyama katika bucha moja pale Kikopey, na kwa kuwa alikuwa kifungua mimba, alipewa jina la babu yake, Mwaura, kama ilivyo desturi yetu Wakikuyu. Mwaura yule wa kwanza alianguka zizini akikamua ng'ombe, akafa kabla hajafikishwa nyumbani. Shosho, mama yake baba, alikuwepo akaona kwa macho yake. Tangu siku hiyo alishikilia kwamba mwenye jina hufuata njia ya aliyemwachia jina, na kila baba alipolalamikia kichwa, alimtazama kama mtu anayefunga mizigo ya safari.

Siku moja mchana wa kiangazi damu ilimtoka baba puani akikatakata mbavu mbele ya wateja, na haikutaka kukoma. Nilikuwa nimemletea chai. Mwenye bucha akamkimbiza zahanati, nami nikafuata nyuma na birika langu. Nesi akamfunga mkanda mkononi, akaujaza upepo, akatazama. Akapima tena.

"Mzee, hii presha iko juu sana. Umekuwa ukitembea nayo aje?"

"Mimi sina shida, sista. Ni kichwa tu inauma kidogo."

"Kuanzia leo ni dawa kila siku. Na chumvi upunguze."

Apunguze chumvi! Huyu ambaye kutwa nzima alionja nyama za watu akizichovya kwenye chumvi! Nilishtuka, ila kilichonishtua ni kuona msichana mdogo akimkaripia baba yangu naye akiitikia kwa kichwa. Ugonjwa wenyewe sikuuona uko wapi.

Shosho aliposikia habari hizo hakuuliza hata jina la dawa. "Presha ni kitu gani? Huyu anaitwa na babu yake. Anataka mbuzi."

Baba hakupenda ugomvi na mama yake, basi akafanya yote mawili. Vidonge akameza, na Jumamosi akachinjwa mbuzi dume wa rangi moja, asiye na doa. Wazee wakaja, wakamwomba Mwaura wa kwanza amwachilie mjukuu wake, nasi tukala mpaka tukalegea. Baada ya wiki tatu kichwa kiliacha kuuma, na damu haikutoka tena. Nani alipewa sifa? Mbuzi, bila shaka.

"Umeona sasa?" shosho alisema.

"Nimeona, mama. Niko sawa kabisa. Hizi dawa ni za nini tena?" baba akacheka, akaweka pakiti mezani.

Shosho alinipa ile pakiti nikaitupe chooni, kwa sababu, alisema, dawa ikibaki nyumbani inamngojea mgonjwa. Nilivitoa vidonge kimoja kimoja, nikavidondosha shimoni. Nilirudi nikirukaruka kwa furaha, baba yangu amepona.

Muhula uliofuata mwenye bucha alikuja shuleni kunichukua. Nilimkuta baba amelazwa kwenye benchi la wateja, mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia unaning'inia. Alinitazama, akataka kuniita, ikatoka sauti ambayo sikuijua. Nilipiga yowe. Nina watoto sasa, nimezika watu, na bado sijawahi kushtuka namna ile tena.

"Niliwaambia!" shosho alilia. "Niliwaambia anaitwa!" Na kijiji kizima kikakubali kwamba alikuwa amesema.

Baba aliishi miaka tisa baada ya kiharusi kile, bila kushika kisu tena. Habari za choo sikumwambia mtu.

Kwa muda mrefu nilimkasirikia shosho mpaka kaburini kwake. Siku hizi hasira imepungua. Pale nyumbani yeye peke yake ndiye aliyeona kwamba baba anaelekea alikoelekea babu yake, na aliona kweli. Hakuna aliyekaa naye chini kumweleza kwamba presha hutembea katika ukoo, na kwamba yale aliyoyaona zizini ndiyo yale nesi aliyoyapima.

Mwaka jana nilikwenda kliniki hapa Lanet kwa ajili ya kikohozi tu. Kijana aliyekuwa zamuni akanifunga mkanda.

"Mathe," akaniita kama anayemwita mama yake, "kwenu kuna mtu aliwahi kuwa na presha?"

Namba kwenye mashine ilikuwa juu sana. Jina langu ni la upande wa mama! Mimi mwalimu, niliyewafundisha watoto wa watu sayansi, kumbe miaka yote hiyo nilijiona salama kwa sababu ya jina.

"Pima tena," nilimwambia. "Hiyo mashine yako imeharibika."

Mashine ilikuwa nzima. Nilianza dawa, na baada ya miezi miwili akaniambia presha imeshuka vizuri. Asubuhi yake nilisimama na glasi ya maji mkono mmoja na kidonge mkono wa pili, mwili mwepesi, kichwa hakiumi, nikajisikia nikisema kwa sauti, peke yangu jikoni, "Si nimepona?"

Nilishtuka, nikakaa chini. Niliogopa kuliko nilivyoogopa kule kliniki. Kisha nikamlilia baba. Moyoni nilikuwa nimemwona mjinga miaka yote hii, na hakuwa mjinga. Alikuwa anajisikia vizuri, basi.