Siku Mama Alipoliliwa Akiwa Sokoni

Mwanangu, kuna siku moja nikiikumbuka, mpaka leo nywele hunisimama.

Nilikuwa kijana, nauza saruji na mabati katika depo ya Papa Kasereka hapa Goma, na jioni nasoma uchumi chuo kikuu. Papa Kasereka hakujua kuwa nasoma. Niliogopa akijua ataniambia nichague, na mshahara wake ndio uliolipa masomo. Basi kila nilipotaka kutoka kwa ajili ya mtihani, nilimwambia mwenzangu Bahati atafute la kusema. Naye hakukosa: leo malaria, kesho jino. Sikuuliza zaidi.

Siku hiyo mtihani uliwekwa mchana. Malaria ilikuwa imeshachakaa, kwa hiyo Bahati, bila kuniambia, akasema nimefiwa na mama.

Unajua desturi yetu. Mtu akifiwa, wenzake wa kazi hawatumi salamu tu. Papa Kasereka alifunga depo, akanunua makala, yaani makaa ya kupikia, na maharagwe, akawapandisha wafanyakazi wote kwenye gari, Bahati akiwa kati yao asithubutu kukiri uongo wake, hadi kwetu Keshero. Mlango waliukuta umefungwa; mama alikuwa sokoni. Majirani, kuona makala yanashushwa, hawakungoja maelezo. Walitoa viti, wakaanza kulia.

Nilirudi kutoka mtihanini nimeridhika na majibu yangu, nikakuta matanga mlangoni petu. Papa Kasereka alinishika bega.

“Pole, mutoto. Mama ni mama.”

Mwanangu, sikumkumbuka Bahati wala uongo wake. Niliamini. Nilikaa juu ya mawe ya volkano nikamlilia mama yangu kama mtoto mchanga.

Ndipo mama akatokea kwenye kona, beseni la sombe, majani ya muhogo, kichwani. Akaona viti, akaona watu wanalia, naye mtoto ana mmoja tu. Beseni lilianguka. Aliliita jina langu kwa sauti ambayo sijaisikia tena. Jirani mmoja alikimbia, akidhani ni mzimu.

Alinipapasa kichwa na mabega mpaka akasadiki kuwa mimi ni mzima. Bahati akasema kweli yote. Papa Kasereka alinigeukia.

“Depo nimeifunga juu ya kifo,” akasema. “Ningeshindwa kukupa mchana moja juu ya examen?”

Mama alitazama gunia la maharagwe. “Hayo murudishe. Siwezi kula matanga yangu mwenyewe.”

Wengine walicheka. Mama hakucheka. Papa Kasereka alinipangia saa za kazi na za masomo, na mama alinisamehe. Lakini kwa muda mrefu, nikichelewa hata kidogo, nilimkuta amesimama barabarani.

Wewe unayefanya kazi na kusoma, utaambiwa mshika mbili moja humponyoka. Mimi sikuponyokwa na kazi wala shahada. Kilichoniponyoka ni ulimi wangu, kwa kuwa nilimpa mwingine autumie. Kabla ya kujiandikisha, keti na bosi wako, mweleze saa za masomo. Akikataa, heri ujue mapema. Mficha uchi hazai. Na usimwazime mtu mdomo wako, maana hujui atamzika nani.

Mungu akupe nguvu ya kazi na akili ya kitabu, na mama yako azeeke akikuona unarudi.