Mama Mkwe Hajala

Mimi ni mwalimu wa hesabu, na hasira zangu ziko karibu. Wanafunzi wanalijua hilo, mke wangu analijua, hata yule mama anayekaanga mikate mbele ya nyumba yetu analijua, maana nilimfokea siku moja bila kosa lolote, na nitaeleza. Kitu kinachonituliza ni kupika. Mama yangu alizaa wavulana watupu, hapa hapa Lubumbashi, katika ua wa watu wa Maniema kule Kamalondo, akatugawia masufuria bila kutuuliza kama tunapenda. Walimu wenzangu wananiita "mamu wa jikoni". Waniite tu. Nikiwaalika Jumapili, wao ndio wa kwanza kunawa mikono.

Nyumba yetu iko Katuba, na kulisha watu wake ni kazi ya kichwa kabla ya kuwa kazi ya mikono. Mke wangu anafanya kazi katika ofisi ya mambo ya forodha mjini. Anatoka alfajiri na kurudi giza likiingia. Mimi nafundisha asubuhi. Binti zetu wawili wanasoma zamu ya mchana, kwa hiyo tunapishana njiani, wao na sare zilizopigwa pasi, mimi na chaki kwenye suruali. Umeme nao una ratiba yake, ambayo hakuna aliyewahi kutuonyesha. Wale matajiri wa mtaa wa Golf wana jenereta. Sisi tuna mbabula, jiko la makala, yaani makaa, na macho ya kupepesa kwa moshi.

Nilijipangia hivi. Maharagwe yanachemka Jumapili, sufuria kubwa, yanatuvusha siku za mwanzo wa juma. Lengalenga, yaani mchicha, na matembele ninachuma nyuma ya nyumba, kwenye kipande cha ardhi ambacho mwenye nyumba anadhani ni maua. Samaki wa kukaushwa wa Kasenga tunanunua pamoja na jirani, kapu zima, tunagawana, kisha wangu ninawapika kidogo kidogo na karanga za kutwanga, maana samaki mmoja ndani ya karanga anatosha watu wanaogombana juu ya samaki wawili. Wali ninapika alfajiri umeme ukiwepo, ninafunga sufuria ndani ya blanketi, na saa sita bado una joto. Bukari, ndivyo tunavyouita ugali, ni ya jioni. Bukari inataka mkono wa kuisonga na watu wa kuila papo hapo, ikiwa bado inatoa mvuke. Mchana nyumba yetu haina mkono wala watu.

Mpango huu nilijivunia sana. Kisha mama mkwe akaja.

Alikuwa akiishi Kambove kwa mtoto wake wa kiume, mchimbaji, ambaye anatoka asubuhi na kurudi anapojaliwa. Mama ana ugonjwa wa sukari. Alijikwaa, kidole gumba cha mguu wa kushoto kikapata jeraha dogo, na jeraha dogo likakataa kupona. Likawa kidonda. Daktari wa huku mjini alilitazama, akasema maneno ambayo mke wangu alinirudilia huku ameshika mlango: sukari ikishuka, kidole kitapona, isiposhuka, watakikata, na mara nyingi hakiondoki peke yake. Muuguzi akampa mama vidonge na maelezo, kwa Kiswahili chetu cha hapa, ambamo "nyuma ya" ni "baada ya", ili asisahau: "Moja nyuma ya kula muchana, ingine nyuma ya kula mangaribi. Usikunywe na tumbo mutupu." Akampa mke wangu maelezo mengine: mboga zijaze nusu ya sahani, mafuta kidogo, na bukari au wali au viazi visizidi ngumi moja.

Sasa, mama mkwe ni wa Kasai, wa kizazi cha zamani, na kwao mama hali mbele ya mkwe wake wa kiume, wala mkwe hali mbele yake. Hata kutazamana usoni ni kukosa adabu. Miaka yote ya ndoa yangu, tukikutana, yeye anageukia ukuta na mimi ninageukia mlango, tunasalimiana hivyo, mgongo kwa mgongo. Nilikuwa nimezoea. Nilimheshimu kwa ajili hiyo, na nadhani na yeye alinipenda kwa namna yake, kupitia ukuta.

Lakini mchana tulikuwa wawili tu ndani ya nyumba ile. Ilibidi tutafute njia. Ninarudi kutoka shule, ninafungua blanketi, ninapakua wali ngumi moja, maharagwe, lengalenga mpaka ukingo wa sahani, na kando yake, ndani ya kifuniko cha chupa, kidonge. Ninaweka sinia mbele ya mlango wa chumba chake, ninagonga, ninakohoa, ninaenda zangu nyuma ya nyumba. Nikirudi, sinia iko nje, sahani imekwisha, kifuniko kitupu. Mambo safi kabisa, nilidhani.

Sukari haikushuka.

Tulirudi kliniki, haikushuka. Tulirudi tena, muuguzi akatikisa kichwa. Kidonda kilikuwa kikinuka sasa, na mama alianza kuweka kitambaa juu yake ili wajukuu wasisikie. Hilo liliniuma kuliko harufu yenyewe.

Nyumbani tukaanza kutafutana makosa. Mke wangu akasema ni mafuta yangu. Mafuta yangu! Mimi niliyekuwa nikipima mawese kwa kijiko cha chai! Nikamwambia aje apike yeye, ofisi yake ihamie jikoni. Akanyamaza siku nzima, na mke wangu akinyamaza, afadhali akutukane. Ndipo nikamkumbuka yule mama wa mikate, ambaye kikaango chake kinatazamana na dirisha la mama mkwe. Nikavuka barabara na viatu vya ndani, nikamwambia mbele ya wateja wake kwamba anamuua mgonjwa kwa unga wa ngano na sukari.

Alinitazama, akageuza mikate yake bila haraka. "Mwalimu," akasema, "ule mamu ananisalimiaka tu. Hata mukate moja hayanunuaka."

Nilirudi nyumbani na aibu yangu. Sikumwomba msamaha siku ile. Nilinunua mikate yake mingi mno, na yeye alielewa.

Jumamosi moja mke wangu alikuwa akifua uani. Mimi nilikuwa upande wa pili wa ukuta, ninaparua samaki, na mama alikuwa ameketi kwenye mlango wa chumba chake, mguu juu ya kigoda, ili kupata jua. Mke wangu alichukua kitenge cha mama, akahisi fundo kwenye pembe. Wanawake wa umri ule hufunga pesa pale. Akafungua ili asiloweshe noti. Haikuwa pesa.

"Mamu, hii ni nini?"

"Ni dawa yangu ya muchana," mama akajibu, bila wasiwasi wowote. "Usimwange, iko bei."

"Juu ya nini hamukukunywa?"

"Banasema ninywe nyuma ya kula. Mi muchana sikulake."

Kisu changu kilisimama kwenye mgongo wa samaki.

"Lakini mamu! Baba ya batoto anaachaka sahani pa mulango kila siku!"

"Ile muchele?" Alicheka kidogo, kama mtu anayemwonea mtoto huruma. "Ile ni ya kufungua kinywa. Minakulaka ile, minangojea bukari. Bukari haifike. Mangaribi njo minakula, njo minakunywa dawa."

"Sasa juu ya nini hamukuniambia?"

Hapo mama akashusha sauti, lakini ukuta wetu ni wa matofali ya udongo, na kila kitu kinapita. "Nikuambie nini? Bwana yako ananilalisha njala? Ungegombana naye. Ni mukwe wangu. Anafika na jua, anachoka, ananipikia, ye mwanaume. Ningesema je? Haya ingeniua."

Niseme ukweli, kwanza nilikasirika. Wali wa mama yangu, wali wa Maniema, wali nilioamka nao alfajiri na kuufunika blanketi kama mtoto mchanga, eti wa kufungua kinywa! Nilitaka kupaza sauti juu ya ukuta nimwambie kwamba kwetu watu huoa kwa wali, huzika kwa wali. Samaki wa watu nilimparua mpaka akabaki mifupa.

Halafu hasira ikatoka, kama inavyotoka siku zote, ikaniacha na kitu kizito zaidi. Nilizaliwa katika mji huu. Ni mara ngapi nimesikia watu wakitoka kwenye harusi, wamekula kuku, wamekula wali na viazi, wanasema njiani, "Hatukukula"? Binti zangu mwenyewe, damu yangu, wakirudi kutoka shuleni wananiuliza kama tutakula, na sufuria ya wali iko mbele ya macho yao. Hapa kwetu kula ni bukari. Neno ni lile lile, na muuguzi alipolisema, kila mmoja wetu aliitikia kwa kichwa na kuelewa la kwake. Mama alimtii muuguzi neno kwa neno. Alikuwa akingojea kula.

Na alingoja kwa njaa, huku kidole kinaoza, ili mimi nisiaibike. Niliketi pale kwenye gunia la makala, mikono ikinuka samaki, nikalia kidogo. Sioni haya kulisema.

Mke wangu alizunguka ukuta, fundo la vidonge mkononi. Alikuwa akicheka na kulia kwa pamoja. "Ulisikia?" akauliza.

"Nilisikia. Kuanzia Jumatatu atakula."

Mpango wangu ukavunjika, nikaujenga upya. Binti zangu, kabla ya kutoka, walianza kuwasha mbabula na kuteleka maji, wakafunika makala kwa majivu ili moto unisubiri. Ninaingia, sivui hata tai, ninasonga bukari ya ngumi moja tu. Jaribu kusonga bukari ya ngumi moja! Inakukimbia sufuriani. Mboga zilibaki kama zilivyokuwa, maharagwe yakabaki, wali wangu ukahamia jioni, na wanangu wakalalamika mpaka wakazoea. Na mke wangu akapanga na mama jambo moja: akimaliza kula na kumeza kidonge, aniambie. Kupitia mlango, bila kutazamana. Adabu haikuvunjika.

Siku ya kwanza nilingoja nyuma ya nyumba kama mwanafunzi anayengoja matokeo. Sauti ikatoka, ndogo, ya heshima:

"Baba ya batoto. Nilisha kula."

"Asante, mamu."

Ikawa hivyo kila mchana. Sukari ikaanza kushuka, polepole, kisha kwa kasi. Kidonda kikakauka pembeni, katikati bado kibichi. Daktari alisema hajafanya uamuzi bado. Arudi Ijumaa, ataangalia nyama ya katikati, ndipo aseme kukata au kuacha. Akaonya: msiruke dawa hata mara moja.

Alhamisi mvua ilinyesha tangu asubuhi, mvua ya kwetu, inayofanya barabara kuwa mto. Umeme ulikuwa umekatika siku nzima iliyotangulia, mashine ya kusaga ikalala, na unga wetu ukaisha nilipokuwa nikitegemea kusagisha. Makala yalilowa. Nilifika nyumbani nimechelewa, maji yakinitoka viatuni, nikakuta mbabula imezimika na majivu yamekuwa uji. Kilichokuwepo ni wali tu, uliobaki jana usiku, wa baridi, na maharagwe, na majani mabichi ya lengalenga ambayo sikuwa na moto wa kuyapika. Nilizunguka kwa majirani, nyumba hadi nyumba. Hakuna aliyekuwa na moto wala unga.

Nilipakua. Nikaweka kidonge kwenye kifuniko. Nikaweka sinia mbele ya mlango, nikageukia ukuta, nikasema kwa sauti ili mvua isinifunike:

"Mamu, leo bukari hakuna. Ni muchele tu, na imepoa. Munisamehe. Dawa iko pembeni."

Mlango ulifunguka, sinia ikaingia, mlango ukafungwa. Safari hii sikwenda nyuma ya nyumba. Nilibaki koridoni, mgongo wangu ukigusa mlango wake, nikisikiliza. Mvua kwenye mabati. Kijiko kwenye sahani. Kijiko kikasimama. Nilifikiria fundo la kitenge. Nilifikiria kuingia, nivunje adabu zote za Kasai, nimshike mkono na kumbembeleza. Nilikuwa tayari, nakuambia.

Kisha nikasikia maji yakimiminwa kwenye kikombe, na mtu akimeza.

"Baba ya batoto."

"Mamu."

"Nilisha kula."

Niliitikia kwa kukohoa.

Ijumaa mke wangu aliomba ruhusa kazini akampeleka. Alinipigia simu kutoka kliniki, na kwa muda sikuelewa kitu, maana alikuwa akilia. Halafu akaweza kusema kwamba kidole kinabaki. Nilikuwa jikoni, ninachagua mawe kwenye mchele. Nilimaliza, nikauosha, nikaweka sufuria motoni, na siku ile nilipika mwingi.