Ganda la Shaba la Mama Watoto

Mzee Mizinga hajawahi kuwa askari hata siku moja. Puto likipasuka anaruka. Jina hilo alibandikwa na majirani kwa sababu ya kazi yake: kutambua makombora ya kale ya mizinga, yale matupu yasiyo na baruti, na kuyatafutia viungo vyake. Mtu huyu ana ganda la shaba, yule amerithi kichwa cha chuma, mwingine ana kiwashio cha kwenye ncha na wala hajui ni kitu gani. Mzee hupima midomo, husoma mihuri iliyogongwa kwenye kitako, hujaribisha polepole kwa vidole, kisha hutamka: "Hawa ni ndugu," au, "Hawa hata hawajuani."

Na kwa ukali, weee! Mteja akimletea ganda linalong'aa, hufoka kabla ya salamu. Kusugua shaba kunakula mihuri, na ganda lisilo na mihuri ni bubu. "Umeliosha uso au umelichuna ngozi?" humuuliza.

Kumbe kiroja chenyewe kilikuwa nyumbani kwake. Ganda lake la kwanza kabisa, alilolipata kabla hajaoa, lilisimama sebuleni, na mkewe alilisugua kila wiki kwa majivu na ndimu maisha yao yote ya ndoa. Walivyogombana! "Mama watoto, unaniharibia!" Naye huku anasugua: "Baba watoto, mgeni akiingia hapa hasomi kitako, anaona uchafu. Wewe tafuta vichwa vyako huko, nyumba niachie mimi." Mzee alinuna, akala, wakaishia kucheka. Mihuri ikafutika yote.

Sasa mama watoto hayupo. Ugonjwa ulimchukua haraka, nyumba ikabaki na mzee na binti yao kitinda mimba. Ndipo Mwalimu, mteja wa siku nyingi, akaleta kichwa alichokipata kwenye vyuma chakavu. Mzee alikipima, moyo ukampiga paa. Kiliingia kwenye mdomo wa lile ganda la sebuleni bila ubishi. Ujana wake wote alikuwa akikitafuta kitu hiki! Lakini makombora mengi yana vipimo sawa; bila kujua kiwanda na mwaka, hakuna fundi wa kuapa kwamba vilizaliwa pamoja.

Njia ilikuwa moja tu. Muhuri ukishagongwa, shaba ya chini yake hukazana. Ukiiacha ichakae bila kuguswa, penye herufi hushika rangi tofauti na pembeni. Basi mzee akapiga marufuku: ndimu zikae jikoni, ganda lisiguswe.

Binti hakupenda. "Baba, limekuwa jeusi. Mama angelia."

"Mama yako hakuwa mtu wa kulia. Angenitukana."

Mvua zikaja, zikapita. Siku moja Mwalimu aliinama na kioo cha kukuzia, akaruka juu. "Mzee wangu! Herufi hii hapa! Bado kidogo tu, tutasoma yote!"

Alipoondoka, mzee alilibeba ganda hadi dirishani. Kweli, kitako kilikuwa kinaanza kusema. Lakini juu, kwenye mdomo, pale mkewe alipokuwa akisugua kwa nguvu zote, kilibaki kipande kidogo kinachong'aa, na weusi ulishaanza kukila pembeni. Akamwona mama watoto amelibana ganda katikati ya magoti, anaimba na kukosea maneno, anamkonyeza. Miezi yote ile alikuwa amekaa kitako akingoja kazi ya mikono ya mkewe ipotee.

"Binti yangu, niletee majivu."

"Ya nini, baba?"

"Niletee. Na ndimu."

Alisugua mdomo, akasugua ubavu, akasugua na kitako, mpaka lote likang'aa.

Mwalimu aliporudi alipigwa na butwaa. "Mzee, umefanya nini? Si tulikuwa tumefika!"

"Najua."

"Sasa itabidi tungoje upya ndipo tujue kama ni ndugu!"

Mzee akamkabidhi kile kichwa cha chuma, amekifunga vizuri kwenye gazeti. "Kitafutie ganda jingine, Mwalimu. Hili lina mwenyewe."