Nilizani Mpofi haiko inanisikia

Bandugu, leo nimeharibu ku redio yetu ya foni, ile ya kuongelea na vijiji vya mbali, na sijue vile nitamuangalia Janvier mu macho.

Mama yake amekufa leo asubui, hapa Mushaki. Janvier njo anatumikaka ku foni ya kijiji cha Mpofi.

Sisi ku foni hatutangazake kifo. Tunasemaka tu: "Mama iko mugonjwa, kuya mbio." Ya kweli atasikia akisha kufika, bandugu wakiwa pembeni yake.

Nikaita Mpofi. Kimya.

Nikajisemea: ni ile saa mawimbi ya redio inapanda juu mbinguni, inarudia chini mbali, inaruka wenye kuwa karibu. Munajua hiyo mambo.

Kumbe foni ya Kindu, mbali vile, ikajibu safi. Nikaomba operateri wa kule apitishe habari mpaka Mpofi:

"Mama ya Janvier amekufa. Lakini yeye umuambie tu iko mugonjwa."

Nikaachilia mikro ili nisikie jibu. Sauti ndogo ya Janvier ikatoka ndani ya kelele:

"Kaka, nakusikia tangu mwanzo. Ni batri yangu njo iko chini, kujibu ilinishinda."

Halafu: "Alikufa na nani pembeni?"

Mbele ya mimi kujibu, sauti yake ikapotea.

Niko naita tu. Pengine bado ananisikia.

Niambieni, niseme nini?