Dawa ya Moyo ya Mama Mkwe

Chekeni tu jamani, siku hizi hata mimi nacheka, lakini siku ile bandarini Mutsamudu, kisiwani kwa mke wangu, ningeona shimo ningejitia humo nikajifukia mwenyewe.

Mama mkwe wangu moyo ulikuwa unamwenda mbio, daktari wa hospitali ya Hombo kampa vidonge, anameza, lakini nafsi haitulii mpaka apate dawa ya mjomba wake wa Itsandra, karibu na Moroni, ambaye huchemsha moyo wa ng'ombe kwa karafuu na hiliki mpaka maji yawe mazito, akayachuja, akayatia chupani. Nikatumwa mimi mkwe, niliyekuwa Moroni kwa biashara (wazee wangu Wangazija, lakini mimi mzaliwa wa Unguja, ulimi wangu una mambo yake). Nikamwuliza yule mzee, hivi moyo wa ng'ombe ukishafika tumboni unajuaje pa kwenda? Akaniangalia weee, akasema, "Wewe beba chupa."

Enzi zile za askari wa kukodiwa, nashuka chomboni Mutsamudu, bandarini kasimama Mzungu na bunduki yake, pembeni askari wetu wa kumtafsiria. "Nini hii?" askari akauliza. Nami, kwa kujiamini kabisa, "Dawa ya moyo."

Askari akatabasamu, kumbe yeye kaelewa dawa ya mapenzi. "Unataka akupende nani?"

"Ni ya mama mkwe wangu!"

Lo! Makuli, abiria, akina mama wa Mirontsy na samaki wao, wote wakaangua kicheko. Mzungu alipotafsiriwa akaniamuru ninywe. Nikanywa funda moja (si mbaya, ina chumvi kidogo), watu wamenikodolea macho waone nitampenda nani, mmoja akapiga kelele, "Msimsogelee!"

Nafika nyumbani, habari imeshanitangulia, ua umejaa majirani, mke wangu Zainaba kajifunika uso. Na kule mume ndiye huhamia kwa mke, lakini hata kufukuzwa sikukuogopa kama nilivyoogopa kuwa mama mkwe ataikataa dawa kwa aibu, moyo ule umwue kwa sababu ya mdomo wangu.

Mama mkwe akaipokea chupa, akamimina kikombe tele, akanywa mbele yao wote. "Haya, nimeyanywa mapenzi ya mkwe wangu," akasema. "Nani kati yenu mkwe wake anamjali hivi?"

Ghafla kila mtu akakumbuka ana chungu jikoni.

Kama ilimtibu sijui, maana vidonge hakuviacha. Ila mimi tangu siku ile nikiulizwa nimebeba nini, ni supu, wallahi, hata yakiwa mafuta ya taa.