Anawasha pikipiki za wenzake, ya marehemu mumewe imegoma

KASONGO. Jua halijapanda vizuri, na tayari pikipiki tatu zimeegeshwa nje ya uzio wa matete wa Amisa Mwamini. Hakuna hata moja inayounguruma. Wenye nazo wanapiga miayo, na mmoja anajikanda paja lililochoka kwa kupiga kiki tangu alfajiri.

Amisa anatoka na kikombe cha chai mkononi. Ana miaka arobaini na kitu. Hesabu kamili, anasema, waulizwe waliomzaa. Anasalimia watu kwanza, anauliza habari za nyumbani kwa kila mmoja, ndipo anainama kwenye pikipiki ya kwanza. Anafungua koki ya mafuta ambayo mwenye chombo aliifunga jana akaisahau. Kiki moja, inawaka. Mwenye pikipiki anatazama chini huku wenzake wakimcheka.

"Kwa hii silipishi," anasema Amisa. "Kusahau haiko ugonjwa."

Kazi yake ni hiyo. Pikipiki ikigoma asubuhi, inaletwa kwake kabla ya kupelekwa kwa fundi wa sokoni. Kusafisha kabureta ni faranga elfu tatu, na asiyekuwa nazo huleta mkungu wa ndizi akirudi safari. Kwa njia hiyo analisha nyumba yake na kumsomesha binti yake, Soraya.

Lakini leo macho yake hayatulii. Kila mara yanarudi barazani, kwenye pikipiki nyekundu iliyofunikwa kitenge. Ni ya marehemu mumewe, Djamali, aliyekuwa akibeba abiria kati ya Kasongo na Kabambare. Haijawaka tangu iliporudishwa nyumbani bila yeye. Leo baada ya swala ya adhuhuri atakuja shemeji yake, Abedi, kaka mkubwa wa marehemu. Akiikuta inawaka, itabaki. Isipowaka, kesho inachukuliwa na mnunuzi wa Salamabila, na huko itafunguliwa iuzwe vipande vipande.

Ndivyo ukoo ulivyokubaliana, na Amisa alikuwepo. Hakubisha.

Asikwambie mtu kwamba mama huyu alisomea ufundi. Darasa lake lilikuwa ua huu huu, na mwalimu wake ni mtu aliyekuwa akiogopa kuchelewa. Djamali alitaka kuondoka kabla ya joto, na pikipiki nayo ilikuwa na kiburi chake. Basi mkewe akawa anaamka naye kumshikia tochi.

"Alikuwa anatoa esansi kidogo, anaitia mu chupa nyeupe, anaiinua juu," anakumbuka Amisa, akiinua mkono mtupu. Esansi kwao ni petroli. "Kama maji iko ndani, inakaa chini, unaiona. Ananiambia, 'Mama Soraya, angalia, leo wametuuzia mvua.' Tunacheka. Wallahi, tulikuwa tunaongea pale kuliko hata mu chakula."

Akirudi jioni, mke ndiye aliyefungua chujio la hewa. Kwa vumbi na matope yaliyokuwamo alijua barabara ilikuwaje, na kabla mume hajavua viatu alikwisha kumwambia alikopita. Ilikuwa michezo yao. Anapoisimulia anatabasamu, kisha tabasamu linakatika, naye anasema wazi kwamba asubuhi zile anazililia mpaka leo.

Msimu wa mvua uliopita, Djamali aliugua ghafla akiwa safarini Wamaza, akafariki. Siku zile barabara ilikuwa haipitiki hata kwa miguu, akazikwa huko huko. Mwenzake wa barabarani, Serge, alisubiri maji yapungue ndipo akairudisha pikipiki nyumbani. Amisa alikuwa tayari yuko ndani, amekaa eda. Kaburi hajaliona.

Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo mtaa huu bado unalisimulia. Mjane aliye katika eda haonekani na wanaume wa nje. Pikipiki nazo hazijui eda. Asubuhi moja Serge alifika na yake, imegoma, akasimama nje ya uzio akakohoa.

"Nilimwambia, Mama Soraya, pole na msiba, sikuja kusumbua," anasimulia Serge, Mkristo wa kijiji cha jirani, ambaye plagi huiita buji kama wengine hapa. "Akanijibu kwa nyuma ya matete, 'Toa buji, niambie iko namna gani.' Nikasema iko mweusi. 'Iko kavu ao imeloa?' Nikasema imeloa. 'Basi umeizamisha na esansi. Funga esansi, pangusa buji, uirudishe. Fungua gesi yote ya mkono wa usukani, halafu piga kiki pole pole.' Ikawaka. Sikumuona hata kidole."

Habari ikaenea. Eda nzima, wenye pikipiki wakawa wanapanga foleni nje ya uzio, kila mmoja akieleza ugonjwa wa chombo chake kwa sauti mbele ya watu. Mmoja alilalamika muda mrefu, akaapa kwamba amefungua kila kitu na kusafisha kila kitu. Sauti ikatoka nyuma ya matete ikamuuliza kitufe chekundu cha kwenye usukani kiko upande gani. Kilikuwa kimezimwa. Watoto wake walikuwa wamekichezea jana yake. Jina alilopewa tangu siku hiyo halifai kuandikwa gazetini.

Kwa kuwa Amisa hakuweza kugusa, ilibidi wao waguse. Wakajifunza. Eda ilipokwisha, wengi walikuwa wanajua cha kutazama wakiwa bado nyumbani: mafuta yapo, koki iko wazi, kitufe kimewashwa, buji inatoa cheche ikiegemezwa kwenye injini, chujio halijaziba. Wanaokuja sasa ni wachache kuliko zamani.

"Nilijiharibia soko mwenyewe," anacheka Amisa. "Lakini sikulala njaa. Yenye kuwashinda bado wananiletea."

Pikipiki ya tatu inaondoka. Sasa Amisa anavuta kitenge cha ile nyekundu. Serge, ambaye leo ameacha abiria ili awepo, anasogea. Wengine nao hawaondoki.

"Mganga hajigangi, Mama Soraya," mmoja anamtania.

"Na mgonjwa hakosi ushauri," anajibu, bila kuinua kichwa.

Anafungua buji, anaipiga msasa, anaiegemeza kwenye injini. Serge anapiga kiki, cheche ya buluu inaruka. Anatazama chujio, safi. Anachungulia bomba la moshi, anakuta nyigu wamejenga kiota cha udongo, anakibomoa kwa kipande cha waya. Watu wanashangilia, wakidhani dawa imepatikana. Kiki. Kimya. Kiki tena. Kimya.

Serge anachuchumaa karibu naye na kuuliza kwa sauti ya chini, "Esansi je?"

Amisa anapangusa mikono iliyokwisha kupanguswa.

"Mama Soraya. Ile esansi iko ya zamani. Unajua kuliko mimi."

"Najua," anasema hatimaye. "Najua tangu siku ile eda yangu imeisha. Ile esansi alinunua yeye. Asubuhi ile ya kuenda, yeye anamimina, mi niko nashika tochi. Ndiyo kitu cha mwisho tulifanya pamoja. Nikiimwaga, nitabaki na nini?"

Mwandishi wa habari hii aliacha kuandika kwa muda, na haoni aibu kusema hivyo. Kumbe miezi yote hii mtaa ulidhani fundi ameshindwa, na fundi alikuwa anajua dawa, akaogopa kuitumia.

Serge hamsukumi. Anamwambia tu kwamba ikienda Salamabila, huko wataimwaga mtaroni bila hata kuuliza ilikuwa ya nani.

Amisa anakaa. Kisha anaagiza beseni.

Mafuta yanatoka mekundu kama chai iliyokolea, yananuka rangi ya mlango. Anayaangalia yanavyotiririka mpaka tone la mwisho. Kuyatupa hakubali, anachukua brashi na kuoshea mnyororo, pingili baada ya pingili, kwa sababu Djamali hakupenda kitu kipotee bure. Anafungua kabureta na kuzibua kijitundu chake kwa unyuzi mmoja wa kebo ya breki. Serge anatoka, anarudi na mafuta mapya. Amisa anayatia kwenye chupa nyeupe, anaiinua kuelekea mwanga. Hakuna maji.

Anapiga kiki mwenyewe.

Inawaka papo hapo, kwa kiki ya kwanza, na ua mzima unajaa mlio. Watu wanapiga makofi. Yeye anasimama ameshika usukani, machozi yanamtoka.

"Ilikuwa inakataa mara mbili, inakubali ya tatu," anasema. "Miaka yote. Sasa imepona kabisa. Haiko tena ile yake."

Abedi amefika mapema. Amesimama langoni, kofia mkononi, na hakuna aliyemwona akiingia. Anasikiliza injini kwa muda mrefu.

"Shemeji," anasema, "sikutaka kuiuza. Nilikuwa naiona pale imefunikwa, kila nikipita ni msiba mupya. Nilitaka itoke machoni."

"Sasa je, shemeji?"

"Sasa iko inatembea." Anatoa simu, anampigia mnunuzi wa Salamabila, anamwambia asihangaike kuja. Kisha anaomba chai.

Amisa amewasha pikipiki za watu wengi, lakini yeye mwenyewe hajawahi kuendesha kupita lango la ua huu. Serge amekubali kumfundisha, kila siku baada ya alasiri, kwenye uwanja wa mpira. Hataki kubebwa nyuma. Kabla mvua hazijafunga barabara anataka kwenda Wamaza, aendeshe mwenyewe, na Abedi amesema atamfuata kwa pikipiki nyingine, maana heshima ni mjane asisafiri peke yake.

"Kaburi ya bwana yangu sijaiona," anasema. "Nitafika, nitasalimia, nitamuombea dua. Lakini pikipiki sitaizimisha haraka. Nataka aisikie kwanza."